Re: MLA akihama chama, kiti kinabaki kwake? Safari ya Danielle Smith na mambo ya kujua ukiwa Alberta

Kutoka: mwanachama, Brooks

Wapendwa, salaam.

Hapa Brooks swali hili hurudi kila uchaguzi unapokaribia, na majibu yanayozunguka WhatsApp hayaelewani. Naomba wenye ujuzi waliweke sawa hapa, tulihifadhi, tuwape na wenzetu wanaotoka zamu kiwanda cha nyama badala ya kubahatisha.

Jimbo letu ni Brooks-Medicine Hat na mbunge wetu wa mkoa, yaani MLA, ni Danielle Smith, ambaye pia ni Premier, yaani waziri mkuu wa mkoa, wa Alberta. Wengi wamesikia kwamba mwaka 2014 alikuwa kiongozi wa upinzani akahamia chama tawala, na wanauliza ilikuwaje mtu huyohuyo akaja kuwa Premier. Waliokulia Tanzania, Kenya au Kongo wanajua kwamba mbunge akitoka kwenye chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwenda. Huku mambo ni tofauti, ila tofauti kwa kiasi gani? Ukiwa na faili la kuumia kazini kwenye ofisi ya mbunge anayehama, faili linabaki na nani? Uliyenunua kadi au kuchangia chama unarudishiwa? Na sisi wenye ukazi wa kudumu, ambao bado hatujala kiapo cha uraia, tuna nafasi gani zaidi ya kutazama?

Kutoka: mwanachama, Edmonton

Ndugu wa Brooks, asante kwa kuuliza. Nitaanza na sheria, kisha nieleze safari ya huyu mama, kwa sababu ukiifuata vizuri inajibu nusu ya maswali yako.

Kwenye karatasi ya kura ya Alberta jina la chama huandikwa pamoja na jina la mgombea, lakini anayechaguliwa kisheria ni mtu. Akibadilisha chama kesho asubuhi, kiti anakwenda nacho mpaka uchaguzi ujao. Hakuna kifungu kinachofanana na ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania, ya 103 ya Kenya, wala ya 110 ya Kongo. Wenzetu wa Tanzania wanakumbuka enzi za wabunge “kuunga mkono juhudi”: wale walijiuzulu kwanza, ukaitishwa uchaguzi mdogo, wakagombea upya kwa kadi mpya. Alberta hatua hiyo ya katikati haipo. Mbunge anaiandikia ofisi ya Spika, anahamishiwa kiti upande wa pili wa ukumbi, basi.

Sasa Smith. Alizaliwa Calgary 1971, akasoma Chuo Kikuu cha Calgary. Mwaka 1998 alichaguliwa kwenye bodi ya shule za umma za Calgary, na mwaka uliofuata waziri wa elimu aliivunja bodi nzima kwa sababu ya mivutano ya ndani. Baadaye akawa mwandishi wa safu katika gazeti la Calgary Herald, akatangaza televisheni, akafanya kazi ya kuwasemea wenye biashara ndogo. Alikuwa mtu wa Progressive Conservative, PC, chama kilichotawala Alberta mfululizo tangu 1971. Mwaka 2009 akakiacha akaenda chama cha Wildrose Alliance, na tarehe 17 Oktoba mwaka huohuo wanachama wakamchagua kuwa kiongozi. Kwa hiyo kuhama kwa 2014 hakukuwa kwa kwanza. Kule kwa 2009 watu hawakukuona kwa sababu hakuwa na kiti bungeni.

Wildrose yenyewe ilikua kwa wahamaji. Januari 2010 wabunge wawili wa PC, Rob Anderson na Heather Forsyth, waliingia Wildrose na kumkuta Paul Hinman aliyekuwa ameshinda uchaguzi mdogo wa Calgary-Glenmore mwaka 2009. Miezi michache baadaye akaja Guy Boutilier, aliyekuwa ametimuliwa PC. Wakatimia wanne, idadi inayotakiwa ili chama kitambuliwe bungeni na kupewa bajeti ya utafiti na watumishi. Shikeni jina la Anderson, litarudi.

Uchaguzi wa tarehe 23 Aprili 2012 kura za maoni zilimpa Smith ushindi, lakini PC ya Alison Redford ilipata viti 61 kati ya 87, Wildrose 17. Wiki za mwisho maandishi ya mgombea wake mmoja dhidi ya mashoga yalifukuliwa, Smith akakataa kumwondoa, na wapiga kura wa mijini wakarudi PC. Smith mwenyewe alishinda jimbo la Highwood, kusini mwa Calgary, akawa kiongozi wa upinzani rasmi.

Mwaka 2014 upepo ukageuka. Redford alijiuzulu, Jim Prentice akaapishwa kuwa Premier mwezi Septemba, na tarehe 27 Oktoba PC ikashinda chaguzi ndogo zote nne zilizoitishwa siku moja. Mwezi Novemba mkutano mkuu wa Wildrose ulikataa azimio la usawa wa haki kwa watu wote ambalo uongozi ulitaka lipite. Wiki iliyofuata wabunge wawili, Kerry Towle na Ian Donovan, wakaenda PC. Bei ya mafuta ilikuwa inaporomoka, na Alberta mafuta yakishuka hazina ya mkoa inatikisika. Tarehe 17 Desemba 2014 Smith na wenzake wanane, Anderson akiwa mmoja wao, wakahamia PC kwa mkupuo. Kiongozi wa upinzani kuhamia serikalini na zaidi ya nusu ya wabunge wake ni jambo ambalo Kanada haikuwa imezoea kabisa. Wildrose ikabaki na watu 5, sawa na chama cha Liberal, na Spika ndiye aliyeamua kwamba bado ni upinzani rasmi.

Watu wengi hufupisha hadithi hapo: akahama, wapiga kura wakamwadhibu. Haikuwa hivyo, na hili ndilo nataka mlishike. Wapiga kura wa Highwood hawakupata nafasi ya kumwadhibu. Tarehe 28 Machi 2015 alishindwa kwenye mchujo wa ndani wa PC na Carrie Fischer, diwani wa Okotoks. Waliommaliza ni wanachama wa PC wenye kadi katika jimbo lile, waliojitokeza kupiga kura siku hiyo. Jina lake halikufika kwenye karatasi ya uchaguzi mkuu.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa tarehe 5 Mei 2015, mwaka mzima kabla ya wakati. Chama cha New Democratic Party, NDP, cha Rachel Notley kilipata viti 54, Wildrose 21 chini ya kiongozi mpya Brian Jean, PC 10. Utawala wa miaka 44 ukaisha. Kati ya wale wabunge 11 waliohama Novemba na Desemba, hakuna hata mmoja aliyerudi bungeni: wengine hawakugombea, wengine walianguka kwenye mchujo, wengine kwa wananchi. Highwood yenyewe ilirudi Wildrose.

Kurudi kwake nako kulikuwa kwa wenye kadi. Alikaa redioni Calgary miaka kadhaa. Mwaka 2017 wanachama wa PC na Wildrose walipiga kura ya kuungana, asilimia kama 95 kila upande, ikazaliwa United Conservative Party, UCP, ya Jason Kenney. Mei 2022 Kenney alipata asilimia 51.4 tu kwenye kura ya imani ya chama, akatangaza kuondoka. Kinyang'anyiro cha kumrithi kilikuwa na wanachama takriban 124,000 wenye haki ya kupiga kura, na waliopiga walikuwa zaidi ya 84,000. Kura ilikuwa ya kupanga wagombea kwa mapendeleo: wa mwisho anatolewa, kura zake zinagawiwa kwa chaguo la pili la mpigaji. Smith alianza na asilimia 41.3, ikabidi raundi sita ndipo afike 53.77 mbele ya Travis Toews. Hiyo ilikuwa tarehe 6 Oktoba 2022. Siku tano baadaye aliapishwa kuwa Premier, bila kuwa na kiti. Mbunge wenu wa Brooks akajiuzulu kumpisha, na tarehe 8 Novemba akashinda uchaguzi mdogo. Anderson, yule wa kuhama mara mbili, akawekwa kuongoza ofisi yake.

Hesabuni wenyewe. Mkoa una watu zaidi ya milioni 4, na nani awe Premier kuliamuliwa na watu 84,000. Wananchi wote walipewa nafasi ya kusema mwezi Mei 2023 tu, UCP ilipopata viti 49 na NDP 38.

Kutoka: mwanachama, Calgary

Mzee wa Edmonton kaeleza vizuri. Naongeza pale alipoishia, kwenye mchujo, maana ndipo swali la mwisho la ndugu wa Brooks linapojibiwa.

Kupiga kura ya mkoa lazima uwe raia wa Kanada, umri miaka 18, na makazi yako yawe Alberta. Mwenye ukazi wa kudumu hapigi. Lakini kadi ya chama si kura ya serikali. Masharti yake hupangwa na chama chenyewe, na UCP hupokea raia na wenye ukazi wa kudumu kuanzia miaka 14. Ada yake imekuwa dola 10 kwa mwaka. Maana yake binti wa miaka 15 mwenye ukazi wa kudumu, anayesoma sekondari hapo Brooks, anaweza kuwa na sauti kwenye mchujo wa jimbo ambao huko Highwood ulimwangusha aliyekuwa kiongozi wa upinzani. Jumuiya zetu hazilitumii hili ipasavyo, na inaniuma. Tunasubiri kiapo cha uraia ndipo tuanze kuuliza nani anagombea, wakati kwenye majimbo yenye chama kimoja chenye nguvu, kama mengi ya vijijini Alberta, mchujo ndio uchaguzi.

Utaratibu unakwenda hivi. Chama kinatangaza jimbo limefunguliwa kwa mchujo na kutaja tarehe ya mwisho ya kununua kadi. Ukinunua siku moja baada ya hapo, kadi ni halali lakini mchujo ule hupigi. Hilo ndilo kosa linalowanyima watu kura kuliko yote: wanakwenda kununua mlangoni siku ya kupiga kura. Siku ya mchujo unakwenda na kitambulisho chenye picha na anwani iliyo ndani ya jimbo. Leseni ya udereva ya Alberta inatosha, mradi anwani isiwe ya zamani. Aliyehama Brooks akaenda Lethbridge bila kubadilisha anwani kwa wakala wa usajili anakataliwa kotekote: Lethbridge leseni inamkana, Brooks haishi tena.

Jina kwenye kadi lilingane na jina kwenye kitambulisho. Watu wetu wenye majina matatu au manne huandikisha jina la nyumbani, halafu leseni inasema kingine. Andikisha lilivyo kwenye leseni, herufi kwa herufi. Na kura ikiwa ya posta, bahasha nyingi huharibika kwa sababu mpigaji kasahau saini au nakala ya kitambulisho. Soma karatasi ya maelekezo mpaka mwisho kabla ya kubandika gundi.

Onyo moja zito. Lipia kadi kwa pesa yako na kadi yako ya benki. Mtu akija na bahasha ya noti akasema atawalipia watu hamsini, mkatalieni. Na akitaka upokee pesa yake uichangie kwa jina lako, hilo ni kosa chini ya sheria ya uchaguzi hapa Alberta. Mwaka 2019 kamishna wa uchaguzi aliwatoza faini watu kadhaa kwa michango ya namna hiyo kwenye kampeni moja ya uongozi wa UCP ya 2017. Faini ilikwenda kwa aliyetoa jina lake pia, siyo kwa mwenye pesa peke yake.

Kutoka: mwanachama, Brooks

Asanteni sana. Swali dogo: kuna waliochukua kadi ya UCP na ya NDP pamoja ili wapige pande zote. Inaruhusiwa?

Kutoka: mwanachama, Calgary

Hairuhusiwi. Kila chama hukutaka useme kwamba wewe si mwanachama wa chama kingine cha mkoa. Ukigundulika unafutwa.

Kwa NDP kulikuwa na jambo jingine la kuangalia: kadi ya NDP ya Alberta ilikuwa moja kwa moja kadi ya NDP ya taifa, hivyo mwenye kadi ya chama kingine cha taifa aligongana na masharti. Mkutano wao wa Mei 2025 ulikata ulazima huo. Kiongozi wao sasa ni Naheed Nenshi, meya wa Calgary wa 2010 hadi 2021, ambaye wazazi wake walitoka Tanzania. Naye hakupanda ngazi za chama: alikaa umeya bila chama chochote, akajitosa kwenye uongozi wa NDP na kushinda Juni 2024 kwa asilimia 86 ya kura za wanachama. Tena kadi. Kiti cha bunge alikipata mwaka mmoja baadaye, Edmonton-Strathcona.

Kutoka: mwanachama, Lethbridge

Nijibu la mafaili, maana ndilo linalowagusa watu mfukoni.

Ofisi ya jimbo ya MLA hulipiwa na Bunge la mkoa, siyo na chama. Kodi ya chumba, mshahara wa msaidizi, simu, vyote vinatoka Bungeni. Kwa hiyo mbunge akihama chama, mlango ni uleule, msaidizi mara nyingi ni yuleyule, na faili lako liko kwenye kabati lilelile. Fomu ya ridhaa uliyosaini humtaja mbunge, haitaji chama, na inaendelea kufanya kazi. Huna haja ya kuanza upya wala kumbembeleza mtu kwa sababu hukumpigia kura. Ofisi inapaswa kumhudumia mkazi yeyote wa jimbo, mwenye kura na asiye na kura.

Tatizo huja mbunge anapoondoka kabisa. Rejeeni wale 11 waliopotea 2015. Kwenye majimbo yote yale aliyeingia alikuwa mtu mpya, na kwa kawaida mafaili ya mbunge wa zamani hayahamishiwi kwa mpya bila ruhusa ya mwenye faili. Fanyeni hivi uchaguzi unapotangazwa: nendeni ofisini mkaombe nakala za kila barua iliyoandikwa kwa ajili yenu, jina la ofisa wa wizara aliyekuwa anajibu, na namba ya faili. Ofisi mpya ikifunguliwa, pelekeni bahasha hiyo na msaini ridhaa mpya. Anayesubiri “watanipigia” husubiri miezi.

Kiti kinaweza pia kukaa wazi muda mrefu. Sheria ya Alberta inatoa miezi 6 ya kuitisha uchaguzi mdogo, lakini uchaguzi mkuu ukiwa karibu kiti kinaweza kuachwa. Calgary-Elbow ilibaki bila mbunge kuanzia mwisho wa Agosti 2022 mpaka uchaguzi mkuu wa Mei 2023, wakati Brooks-Medicine Hat ilijazwa haraka kwa ajili ya Premier. Ukiwa kwenye jimbo lisilo na mbunge, nenda moja kwa moja wizarani, au kwa Ombudsman wa Alberta, mchunguzi huru wa malalamiko, kama malalamiko ni kuhusu uamuzi wa idara ya mkoa.

Kuhusu kuumia kazini: MLA hawezi kugeuza uamuzi wa WCB, bodi ya fidia ya wanaoumia kazini. Anachoweza ni kuuliza faili limefikia wapi na kwa nini barua haijajibiwa. Barua ya uamuzi ina tarehe ya mwisho ya kuomba mapitio, na tarehe hiyo haisogei hata siku moja kwa sababu mbunge kahama, kajiuzulu au yuko kwenye kampeni. Ombeni mapitio kwanza, kwa maandishi, ndipo mwende kwa mbunge. Wengi wanakwenda kinyume, wanamsubiri mbunge, na muda unawapita.

Pia msichanganye madaraja. Kadi ya afya, leseni, misaada ya kipato ya mkoa, AISH (msaada wa wenye ulemavu), tathmini ya vyeti vya nje kupitia IQAS, uteuzi wa uhamiaji wa mkoa: hayo ya MLA. Kuleta familia, ukimbizi, pasipoti, bima ya kukosa kazi, kodi ya CRA (mamlaka ya kodi ya taifa): hayo ya mbunge wa taifa, yaani MP. Na kwa nyinyi wa Brooks, ambao MLA wenu ndiye Premier, peleka shida yako ofisi ya jimbo, usiandikie ofisi ya Premier kule Legislature, jengo la Bunge la mkoa. Ya Edmonton itapokea barua na kuituma wizarani, na wewe unaingia foleni ya mkoa mzima.

Kutoka: mwanachama, Red Deer

Samahanini wakubwa, mimi sikubaliani na namna jambo hili linavyochukuliwa kirahisi. Mtu akichaguliwa kwa bendera ya upinzani, akatumia pesa na jasho la wanachama, halafu akahama bila kuwarudia waliomchagua, amewanyang'anya kitu. Kwamba sheria inaruhusu haimaanishi ni haki.

Kuhusu pesa: hazirudi. Mchango ulioutoa kwa chama au kwa tawi lake la jimbo ni mali ya chama. Anayehama haondoki nazo, na wewe hurudishiwi. Kitu pekee kinachorudi ni nafuu ya kodi ya mkoa: asilimia 75 ya dola 200 za kwanza, 50 ya dola 900 zinazofuata, theluthi moja ya dola 1,200 baada ya hapo, ukomo dola 1,000. Kwa mfano ukichanga 200, unapunguziwa kodi 150, ukiwa na kodi ya mkoa ya kulipa. Mwenye kipato kidogo asiyedaiwa kodi hapati kitu, kwa hiyo asidanganywe kwamba “serikali itakurudishia”. Risiti lazima iwe rasmi ya kodi. Ada ndogo ya kadi haihesabiwi kuwa mchango, usiitafutie risiti.

Na tangu Aprili 2022 Alberta ina sheria ya kumwondoa mbunge katikati ya muhula, ambayo haikuwapo Smith alipohama. Sheria haichagui sababu, kwa hiyo kuhama chama kunatosha. Mwanzoni ilitaka saini za asilimia 40 ya wapiga kura wote wa jimbo ndani ya siku 60, mlima usiopandika. Mwaka 2025 wakailegeza: saini sawa na asilimia 60 ya waliopiga kura uchaguzi uliopita, ndani ya siku 90. Muombaji analipa dola 500. Saini ni za wapiga kura wa jimbo hilo tu. Mwenye ukazi wa kudumu asisaini hata akisukumwa na jirani mwema, maana anatangaza kwa maandishi kwamba ana sifa ambayo hana, na karatasi hiyo inaweza kumkuta kwenye ombi la uraia.

Kutoka: mwanachama, Winnipeg

Mwenzetu wa Red Deer, Manitoba walijaribu anachokitaka. Mwaka 2006 bunge la mkoa lilipitisha kwamba anayetoka chama chake lazima akae kama mbunge huru mpaka uchaguzi, asijiunge na chama kingine. Tatizo likaonekana 2017, Steven Fletcher alipofukuzwa na PC ya Manitoba. Hakuhama, alitimuliwa, na bado sheria ilimfunga. Akaenda mahakamani, na 2018 serikali ikaifuta sheria yenyewe. Sheria ya namna hiyo humpa kiongozi wa chama fimbo: mbunge akipinga anatimuliwa, na hana pa kwenda.

Kutoka: mwanachama, Edmonton

Hoja ya Red Deer ina uzito, na hoja ya Winnipeg pia. Ndiyo maana msimpime kila anayehama kwa Smith. Sandra Jansen alikuwa mbunge wa PC wa Calgary-North West, mmoja wa wale wachache waliosalimika 2015. Novemba 2016 alijitoa kwenye mbio za uongozi wa PC akilalamikia kunyanyaswa, na tarehe 17 akahamia NDP. Siku chache baadaye alisimama bungeni akasoma kwa sauti matusi aliyokuwa akitumiwa. Mwaka uliofuata akawa waziri wa miundombinu. Hakugombea 2019. Smith alihama na kundi la watu, chama chake kikibaki kigae. Jansen alihama peke yake, NDP tayari ina wingi bungeni na haikuihitaji kura yake. Ni mambo mawili tofauti.

La mwisho, kwa wenye ukazi wa kudumu, kwa sababu Red Deer ametaja uraia. Fomu ya kodi ya kila mwaka ina swali la uraia na la kuruhusu CRA kupeleka jina lako Elections Canada, tume ya uchaguzi ya taifa. Mwandaaji wa kodi mwenye haraka huweka “ndiyo” kwenye yote mawili bila kukuuliza, jina likaingia kwenye daftari la wapiga kura, na daftari la taifa hushirikiana na la mkoa. Kadi ya mwito wa kura ikija nyumbani na wewe si raia, usiitumie. Piga simu Elections Alberta wakuondoe, uandike tarehe na jina la aliyekujibu. Mwaka unaofuata mwambie mwandaaji akuonyeshe ukurasa huo kabla ya kutuma.

Na mnaopanga kununua kadi kwa ajili ya mchujo ujao, angalieni mipaka kwanza. Uchaguzi mkuu kisheria ni tarehe 18 Oktoba 2027, na viti vinaongezwa kutoka 87, kwa hiyo majimbo yanachorwa upya. Nyumba iliyokuwa jimbo moja 2023 inaweza kuangukia jingine. Ingizeni msimbo wenu wa posta (postal code) kwenye tovuti ya Elections Alberta ramani mpya zikishawekwa, ndipo mlipe.